Mama wa Noti ya Dola 50

Maneno ya Mweka Hazina katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu, Perth



 Miaka kumi siyo mchezo. Tulianzia sebuleni kwa Mama Mwenyekiti, wengine tumekaa kwenye mikeka kwa sababu viti havikutosha. Kuna waliotoka Bujumbura, Kigoma, Bukavu, Mombasa. Kila mmoja alikuwa na jina lake la upatu, lakini shida ilikuwa moja. Wapo waliosema hatutamaliza mwaka. Leo tunakata keki.

Mwenyekiti aliniambia nizungumze juu ya hesabu. Nikamjibu, Mama, hesabu zimeandikwa kitabuni na wakaguzi wamesaini, kila mtu atasoma mwenyewe. Mimi naomba kuzungumza juu ya mwanamke mmoja ambaye amehudhuria kila mkutano wetu tangu siku ya kwanza. Hajawahi kuchelewa. Hajawahi kukopa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina.

Mnacheka. Haya, mwenye pochi na afungue, atoe noti ya dola 50, ile ya manjano. Hisa yetu moja ni noti hiyo moja. Mimi nimezihesabu kwa miaka kumi, nazipanga nyuso zote zitazame upande mmoja kama nilivyofundishwa. Upande mmoja kuna mzee mwanamume, David Unaipon, mwandishi na mvumbuzi wa kabila la Ngarrindjeri, katika wenyeji wa asili wa nchi hii. Upande wa pili kuna mama. Nilidhani ni malkia fulani. Siku moja binti yangu akaniona nahesabu, akasema: "Mama, kwani humjui? Huyo ni Edith Cowan. Chuo chetu kina jina lake." Niliona haya. Nikaanza kuuliza na kusoma.

Kumbe ni mwenzetu, wa jimbo hili hili la Australia Magharibi. Alizaliwa mwaka 1861 karibu na Geraldton. Alipokuwa na miaka 7 mama yake alifariki akijifungua. Mwaka 1876, Edith akiwa bado msichana, baba yake alinyongwa kwa kosa la kumuua mke wake wa pili. Fikirini, mtoto wa kike, hana mama, na jina la baba linasemwa mitaani kwa aibu. Kwetu wangesema huyo ana mkosi, na wangemwacha hapo.

Aliolewa mwaka 1879, akazaa watoto watano. Sasa sikilizeni jambo lililonigusa. Hakuanzia Bungeni. Alianzia katika kikundi cha wanawake. Mwaka 1894 yeye na wenzake walianzisha hapa Perth chama cha wanawake kilichoitwa Karrakatta Club. Kabla ya hapo walikuwa na kikundi cha kusoma vitabu. Walikutana, mmoja anasoma, mwingine anaeleza, wanabishana, na polepole wakajifunza kusimama mbele za watu na kusema. Ndiyo hayo tu. Hawakuwa na sanduku kama letu, lakini walikuwa na siku yao ya kukutana, nao hawakuiacha.

Kutoka hapo wakaanza kudai mambo. Mwaka 1899 wanawake wa koloni hili walipata kura. Nisiwafiche, haikuwa kura ya wanawake wote. Wenyeji wa asili, wake kwa waume, karibu wote waliachwa nje, na walingoja hadi mwaka 1962 ndipo wakapata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo. Tunaposherehekea tuseme na hilo.

Edith akaendelea. Alikuwa mmoja wa waliopigania hospitali ya wazazi, King Edward Memorial, ambayo ilifunguliwa mwaka 1916. Naomba mliozaa hapo mnyooshe mikono. Mnaona? Nusu ya ukumbi. Tulimjua mama huyu kabla hatujamjua.

Mwaka 1920 sheria ikabadilishwa hapa, mwanamke akaruhusiwa kugombea Bunge la Jimbo. Uchaguzi ukaja Machi 1921. Edith alikuwa na miaka 59. Umri huo wengine wetu tunasema sasa nipumzike, nilee wajukuu. Yeye akachukua fomu, akagombea West Perth. Na aliyekuwa akikishikilia kiti hicho siyo mtu mdogo. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Bwana Draper, ambaye ndiye aliyeipeleka Bungeni ile sheria ya kuwaruhusu wanawake kugombea. Mzee wa watu alifungua mlango, na wa kwanza kuingia akakaa kwenye kiti chake.

Maneno yalisemwa, jamani. Eti anamtelekeza mume, eti anawaacha watoto. Watoto gani? Walikuwa watu wazima! Na wasemaji hawakuwa wanaume peke yao. Kura zilipohesabiwa, alishinda kwa kura 46. Arobaini na sita! Hebu geukeni muangaliane. Humu ndani leo tunazidi hapo. Kura ambazo mnasema hazina maana ndizo zilizomwingiza mwanamke wa kwanza katika bunge lolote la Australia nzima.

Alipoingia alifanya nini? Alianza na mambo tunayoyajua sisi. Alilalamika kwamba reli inawatoza akina mama nauli ya kigari cha mtoto. Tunaopanda treni na vigari vyetu tumkumbuke. Mwaka 1922 sheria ikarekebishwa, mtoto akifa bila wosia mama naye apate urithi sawa na baba. Mwaka 1923 akapitisha sheria iliyofungua milango ya kazi za uanasheria kwa wanawake.

Halafu mwaka 1924 akashindwa. Mwaka 1927 akagombea tena, akashindwa tena. Alikaa Bungeni miaka mitatu tu. Alifariki mwaka 1932, na miaka miwili baadaye wakamjengea mnara wa saa pale mlangoni mwa Kings Park. Wengi wetu tumepiga picha za harusi kando ya saa ile bila kujua ni ya nani. Noti yake ilitoka mwaka 1995. Basi, mwanamke aliyeshindwa mara mbili ndiye yuko kwenye fedha za nchi. Kushindwa hakukumfuta.

Dada zangu, nilisoma na habari za majimbo mengine. Australia Kusini wanawake walipata haki ya kupiga kura na haki ya kugombea kwa pamoja, mwaka 1894. Walipeleka ombi lenye saini zaidi ya elfu kumi na moja, karatasi zimegundishwa zikawa ndefu kama kitambaa cha kitenge kisichokwisha. Mbunge mmoja aliyewapinga ndiye aliyetaka haki ya kugombea iongezwe humo, akidhani muswada utaonekana wa kichekesho na utaanguka. Haukuanguka. Ukapita.

Lakini mwajua wanawake wa kwanza waligombea Bunge la jimbo lile lini? Mwaka 1918. Na wa kwanza kushinda? Mwaka 1959, Joyce Steele na Jessie Cooper. Kutoka 1894 hadi 1959 ni miaka 65. Na hata mwaka huo wa 1959 wapo wanaume wawili walioenda mahakamani kubisha kama mwanamke anaweza kukaa katika baraza la juu. Hawakufanikiwa.

Miaka 65 mlango uko wazi! Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikafikiri. Ruhusa peke yake haimpeleki mtu Bungeni. Anatakiwa awe na watu wa kumwambia nenda, wa kumshikia watoto, wa kumchangia nauli, wa kugonga milango pamoja naye. Asipokuwa nao, sheria itakaa kabatini hadi wajukuu waikute.

Queensland walimpata mbunge mwanamke mwaka 1929, Irene Longman. Alipofika, jengo la Bunge halikuwa na choo cha wanawake, na chakula hakuruhusiwa kula katika chumba cha kulia pamoja na wanaume, alikula kwenye baraza. Alikaa. Na jimbo letu halikuishia kwa Edith. May Holman aliingia mwaka 1925, akapigania usalama wa wafanyakazi wa mbao, hakuwahi kushindwa hadi ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1939. Carmen Lawrence akawa Waziri Mkuu wa Jimbo mwaka 1990, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Na mwaka 2001 Carol Martin wa Kimberley akawa mwanamke wa kwanza wa wenyeji wa asili kuchaguliwa katika bunge lolote la Australia.

Sasa nakuja kwetu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nina deni.

Wengi wetu tumetoka nchi ambazo wanawake wametengewa nafasi bungeni. Tanzania kuna viti maalum. Burundi katiba ya mwaka 2005 iliweka angalau asilimia 30. Kenya kila kaunti ina mwakilishi wake mwanamke tangu katiba ya 2010. Hapa hakuna kiti ambacho sheria imekiandika kwa ajili ya mwanamke. Hapa ni kuomba kura, mlango kwa mlango.

Miaka mitatu iliyopita mwenzetu mmoja alikuja mkutanoni na fomu ya kugombea udiwani katika halmashauri ya mji anakoishi. Siyo Bunge, udiwani tu. Alikuwa ameikunja ndani ya daftari lake la hisa. Aliitoa baada ya marejesho, akasema, "Mnaonaje?" Na mimi, Mweka Hazina wenu, nilikuwa wa kwanza kujibu. Nilisema, "Kiingereza chako hiki cha kuombea maji, nani atakuchagua?" Tulicheka. Na yeye alicheka. Akaikunja ile karatasi, akairudisha, na hajaitaja tena hadi leo.

Yupo humu. Simtaji jina, maana hakuniomba nimtaje. Lakini mbele ya wageni na mbele ya waume zetu nasema: dada yangu, nisamehe. Kiingereza hicho hicho ndicho ulichotumia kuwatetea watoto wetu shuleni, na kumwelekeza mama yetu mgonjwa hospitalini. Nilikuwa na noti mkononi yenye picha ya mwanamke aliyechekwa, nami nikakucheka.

Kwa hiyo, Mama Mwenyekiti, kabla sijakaa nina maombi matatu, yaandikwe katika muhtasari.

La kwanza, wale tulio raia tuhakikishe majina yetu yamo katika daftari la wapiga kura, na anwani ni za sasa. Uchaguzi wa Bunge ni lazima, huo tunakwenda kwa kuogopa faini. Uchaguzi wa halmashauri siyo lazima, na huo ndio tunaoutupa jalalani pamoja na karatasi za matangazo ya maduka. Tusiutupe tena. Na ambao bado hatujawa raia, tusaidiane kujaza zile fomu.

La pili, kila mkutano, baada ya kuhesabu fedha, mwanachama mmoja asimame dakika kumi azungumze jambo analolijua, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Awe analijua vizuri tu. Wengine tumuulize maswali kwa heshima. Wale wa Karrakatta walianza hivyo hivyo.

La tatu, siku mwenzetu akileta fomu, iwe ya kamati ya shule, ya udiwani au ya Bunge la Jimbo, swali letu la kwanza liwe, "Tukusaidie nini?" Fedha ya sanduku ni ya hisa na mikopo, nayo haiguswi kwa siasa, katiba yetu inasema hivyo na mimi nitailinda. Lakini mikono yetu, miguu yetu na magari yetu hayamo sandukuni. Hayo tunaweza kutoa.

Hatujui kama kuna atakayeshinda. Edith alishinda mara moja, akashindwa mara mbili. Lakini nisingependa kijitabu cha miaka ishirini kiandikwe na mweka hazina mwingine anayeomba radhi kama mimi.

Jumamosi ijayo tutakutana kama kawaida. Nitazihesabu noti, nitazipanga nyuso upande mmoja. Na kila atakayelipa hisa, kabla sijaandika katika daftari lake, nitamuuliza: huyu ni nani? Asiyejua atakaa chini asome hotuba hii tena.

 Mungu akibariki kikundi chetu.