MAKUMBI YETU NA PLASTIKI
Maneno ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, tumetakiwa tuseme machache juu ya makumbi ya nazi. Wapo wanaotushauri tuuchanganye usumba na plastiki kuukuu, tufanye mbao na vigae vya kuuza. Shauri hilo si baya. Katika nchi nyingi nyuzi za mimea na unga wa vifuu hutiwa katika plastiki, kwa kuwa ni vyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini kabla hatujatoa fedha za wanachama, yatupasa kujua jambo moja.

Mwaka jana sisi wenyewe tulijaribu. Tuliyeyusha ndoo zilizovunjika, tukatia usumba mkavu, tukapata ubao wa kupendeza. Tukauzamisha Ghubani. Baada ya majuma machache ulivimba, ukapasuka, na nyuzi zikachomoka kwa vidole kama unywele katika donge la unga.

Sababu ni hii: usumba hupenda maji, plastiki huyakataa. Viwili hivyo hulala pamoja bila kushikana, na maji hupita katikati. Tena uzi wa usumba una nta yake ya asili inayouzuia kushikwa.

Dawa yake ni kuutengeneza uso wa uzi kwanza. Usumba huoshwa kwa maji ya kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ili nta itoke na uso uparuze. Kisha husuuzwa sana na kukaushwa. Baadaye hupakwa dawa kama silani, ambayo upande wake mmoja hushika uzi na upande wa pili hushika plastiki. Na joto la kuyeyushia lisizidi digrii 200 hivi, maana usumba utaungua.

Jambo hili si geni kwa watu wa Chole. Fundi wa chombo hashushi ubao mtupu majini. Hutia kalafati ya pamba na mafuta, akapaka sifa juu na deheni chini. Na mama zetu huyafukia makumbi katika tope la pwani miezi mingi, wakayazungushia mawe, ndipo wayaponde na kusokota kamba. Mali huanza katika matayarisho.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Mashine isinunuliwe kabla kipande cha majaribio hakijalala baharini kikatoka kizima. Maji ya kostiki soda, yanayounguza ngozi na macho, yasimwagwe Ghubani, ambayo tangu 1995 imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Na mama anayefukia na kuponda makumbi alipwe bei ya usumba, wala si bei ya takataka.

Tukiyashika hayo, miaka kumi ijayo haitatuaibisha.