SOMO LA UJENZI: NGAZI YA NDANI YA NYUMBA

Wiki iliyopita tulimaliza habari za sakafu ya ghorofani. Leo yatupasa tutafute njia ya kupanda huko. Wekeni karatasi na kalamu karibu, maana tuna hesabu kidogo. Si ngumu, lakini mtu akiikosa, hata fundi hodari hawezi kuiokoa ngazi yake kwa randa.

Naanza na habari ya kwetu. Shangazi yangu alijengewa ngazi ya mbao, nzuri kwa macho. Fundi aliifunga kabla sakafu hazijakwisha. Baadaye saruji na vigae vikawekwa, chini na juu, unene wa sentimeta 5 kila mahali. Kidato cha kwanza, kilichokuwa na kimo cha sentimeta 17, kikabaki 12. Hatua ya mwisho, ile ya kuingia ghorofani, ikawa 22. Shangazi aliizoea, kwa kuwa ni mwenyeji. Lakini bibi yangu alipokuja kumtembelea, siku ya tatu alijikwaa kwenye hatua hiyo ya mwisho, akaporomoka hadi chini, akavunjika nyonga. Tangu siku ile hakutembea tena bila ya mkongojo. Watu walisema ni uzee. Mimi nilikwenda na futi nikapima.

Sababu ni hii: mguu haupimi kila kidato. Ukipanda viwili vitatu vya kwanza, mguu hushika kipimo, na toka hapo hupanda kwa mazoea, macho yakitazama kwingine. Kidato kimoja kikizidi wenzake kwa sentimeta moja tu, chaweza kumwangusha mtu. Basi kimo cha vidato vyote lazima kiwe sawa, nacho hupimwa kutoka sakafu ya chini iliyokwisha hadi sakafu ya juu iliyokwisha. Kama vigae havijawekwa bado, muulize atakayeviweka unene wake, uuingize katika hesabu.

Tuseme kimo chote ni sentimeta 272. Gawanya kwa 16, utapata 17, kimo kizuri kwa wazee na watoto. Je, nafasi ya kukanyaga iwe kiasi gani? Mwalimu mmoja wa ujenzi huko Ufaransa, François Blondel, aliyeanza kuchapisha kitabu chake mwaka 1675, alifundisha kanuni ambayo mafundi wanaitumia hata leo: kimo mara mbili, ongeza nafasi ya kukanyaga, upate hatua moja ya mtu. Siku hizi jumla hiyo huwekwa kati ya sentimeta 60 na 65. Sisi tuna 17 mara mbili, yaani 34. Tukiongeza 29 tunapata 63. Vema.

Sasa angalieni, maana hapa wengi hukosea. Vimo ni 16, lakini mbao za kukanyagia ni 15, kwa sababu sakafu ya juu yenyewe ndiyo ya kumi na sita. Kwa hiyo ngazi italala chini urefu wa mara 15 kwa 29, ndiyo sentimeta 435. Chumba kikiwa kifupi, usiibe nafasi ya kukanyaga. Afadhali ukunje ngazi katikati kwa kuweka kituo. Tena, mtu akisimama kwenye kidato chochote, juu ya kichwa kuwe na nafasi: sentimeta 200 kutoka kidato hadi dari, zisipungue.

Kugawa vimo usitegemee futi peke yake. Ukikosea milimita 2 katika kila kidato, kwa vidato 16 umekosea milimita 32, na kosa lote litakwenda kulala kwenye hatua moja. Chukua ufito ulionyooka, usimamishe kwa timazi, tia alama mahali pa sakafu ya juu. Kisha tembeza bikari juu ya ufito mara 16. Ikizidi au ikipungua alama, rekebisha bikari, uanze tena toka chini. Wala usikipunguze kidato cha mwisho ili hesabu ikubali. Huko ndiko kumtegea mgeni mtego.

Mbao mbili za ubavuni ndizo zibebazo ngazi, na kwa ngazi ya upana wa sentimeta 90 mimi huongeza ya tatu katikati. Ziwe na urefu wa mita tano na nusu, upana wa sentimeta 30, unene wa 5. Mninga mkavu wafaa sana, maana haujikunji. Ubao mbichi utakulilia usiku kucha. Shika gonia, mkono mmoja kwenye 17, wa pili kwenye 29, chora meno mara 15. Kata ubao mmoja kwanza, uujaribu mahali pake, ndipo uchore mingine kwa kuufuata.

Liko jambo moja dogo. Ukipigilia ubao wa kukanyagia wenye unene wa sentimeta 3, kidato cha kwanza kitapanda kuwa 20, na hatua ya mwisho itabaki 14. Basi kabla ya kufunga, kata sentimeta 3 chini ya miguu ya mbao za ubavuni. Bibi yangu angalikuwa na mengi ya kusema juu ya hizo tatu.

Juu, funga kwa bolti kwenye boriti. Misumari peke yake haitoshi. Mkono wa kushikia uwe kimo cha sentimeta 90, na nafasi kati ya fito zake isifike 10, kichwa cha mtoto kisipenye.

Kabla ya somo lijalo, pima kimo cha kila kidato cha ngazi ya nyumbani kwako, au ya jirani, uandike tarakimu zote. Kwaherini.