Mtoto Achaguapo Njia
Hotuba kwa Wazazi na Waalimu katika Siku ya Jubilei



Tumeombwa tuseme habari za vijana wetu, masomo yao, na kazi watakazozishika baadaye. Hatukuja kama watu wajuao sana. Twaja kama wazazi waliofundishwa na binti yao.

Kwanza tukumbuke waliotutangulia. Katika miaka ya 1870, huko Mbweni katika Unguja, walikusanywa watoto wa kike waliookolewa katika majahazi yaliyochukua watumwa. Walifundishwa kusoma, kushona na kupika, na wale wepesi wa masomo wakafanywa waalimu. Wavulana walisoma Kiungani, chuo ambacho mwaka 1925 kilihamia Minaki. Lakini njia zao zilichaguliwa na wakubwa wao, na wengi hawakuwa na baba wala mama wa kuona fahari juu yao. Sisi tumejaliwa yote mawili: watoto wetu waweza kuchagua, nasi tu hai tuwaone. Je, twaitumiaje neema hiyo?

Sisi tulianza kwa kuitumia vibaya. Binti yetu alipomaliza kidato cha nne alifaulu vema, akapangiwa kidato cha tano asome fizikia, kemia na baiolojia. Nasi tulikuwa tumekwisha kutangaza mtaani kwamba atakuwa daktari. Jirani mmoja alianza kumwita kwa jina hilo, wala hatukumkataza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jioni moja akatuomba tuketi, akasema kwa adabu, "Baba, Mama, nisameheni. Sitaki kwenda kidato cha tano. Naomba niende Chuo cha Maji, Dar es Salaam, nijifunze ufundi wa maji." Mmoja wetu akapaza sauti, mwingine akalia.

Hasira yetu haikukosa sababu. Tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita imeondolewa katika shule za serikali, bali chuoni hapana budi kulipa. Tukamwambia, "Waacha cha bure, watuletea deni?" Hakujibu kwa jeuri. Alileta daftari. Upande mmoja ameandika miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Upande wa pili miaka mitatu hata stashahada, na kwamba mwenye stashahada nzuri aweza naye kuomba chuo kikuu. Ameandika ada, nauli na chakula. Na chini kabisa mbuzi wake wanne, aliowafuga tangu kidato cha pili, kwamba atawauza.

Tukamwuliza, "Nani amekutia maneno haya?" Akasema, "Bomba."

Mwaka uliotangulia bomba la mkono la kijiji liliharibika. Kwa wiki tano wanawake na watoto waliteka maji korongoni, hata watoto wa jirani wakaugua matumbo. Fundi alipofika kutoka mjini alitoa kipande cha mpira kilicholika, kisichozidi kiganja, akatia kingine. Kabla ya adhuhuri maji yakatoka. Binti yetu alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, akiuliza maswali. "Niliona aibu," akatuambia, "kwamba tumeteseka wiki tano kwa kipande cha mpira, na hapana hata mmoja wetu aliyejua."

Usiku ule hatukupata usingizi. Sisi tulitaka daktari ili tuheshimiwe. Yeye alitaka watoto wasiugue. Basi, ni nani kati yetu aliyewafikiri wagonjwa? Asubuhi tukampa ruhusa, na ada tukaitafuta pamoja naye.

Sasa yu katika mwaka wa pili. Masomo ni magumu, na mtihani mmoja wa hesabu ulimshinda, akaurudia. Mwisho wake hatuujui. Walakini fahari yetu haingojei cheti. Twaona fahari kwa kuwa aliuliza, akahesabu, akasema kweli mbele yetu, naye ajua ya kuwa tutaghadhibika. Wala hakutoka nyumbani bila ridhaa yetu.

Wazazi wenzetu, tusiwadai watoto wetu heshima tuliyoikosa sisi. Mtoto akileta neno, tumsikilize hata mwisho kabla ya kulikataa. Nanyi waalimu, twawasihi msimwonyeshe mwanafunzi mlango mmoja tu. Mwelezeni habari za vyuo na za ufundi pia, pamoja na miaka yake na gharama zake, apate kupima mwenyewe. Na ninyi vijana, mtakao kuchagua, msije na matakwa matupu. Njoni na daftari.

Twawatakia nyote jubilei ya amani.