Mchezo wetu ubaki mu telefone ya kila mtu

Bandugu na badada wa Dilala na wa Manika, na ninyi mnaotusoma kutoka mbali,

Leo hatusemi juu ya barabara wala maji. Tunasema juu ya mchezo wa telefone tunaotengeneza, ule wa kufundisha bavijana namna bajeti ya komini inapangwa. Bengi banatuuliza: "Injini mpya imetoka zamani, picha zake ni nzuri zaidi. Juu ya nini mnakaa ku ile ya zamani?" Swali ni la haki, tunalijibu bila kuficha.

Tunatumia Godot. Ni injini ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu tangu 2014. Mwezi wa tatu 2023 ikatoka Godot 4. Sehemu inayochora picha ilibadilishwa sana: njia mbili za kuchora zinatumia Vulkan, na ya tatu, ile nyepesi, inataka OpenGL ES 3.0. Godot 3 ilikuwa inakubali hata OpenGL ES 2.0. Mu Godot 4 ile iliondolewa.

Hapo njo matata yanaanza. Kuko telefone za bei ndogo zenye chipu ya picha inayoitwa Mali-400. Mwisho wake ni ES 2.0. Inapiga simu, inapokea ujumbe na picha, lakini mchezo wa Godot 4 hauwezi kuchezeka pale.

Tufikiri vizuri. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu Kongo, na sehemu kubwa inatoka hapa kwetu Lualaba. Inaingia mu betri za telefone mpya. Lakini yule anayeichimba kwa mkono, mara nyingi telefone yake ni ya okazioni. Tukihama bila kuangalia, yeye njo wa kwanza kufungiwa mlango. Na safari hii hatutasema ni bakubwa ba Kinshasa. Ni sisi tutakuwa tumeufunga.

Tuseme pia kosa letu. Tulilaumu injini juu maneno ya Kiswahili yalikuwa yanakatwa ndani ya vifungo. "Voter" ilienea, "Piga kura sasa" haikuenea. Kumbe sisi tuliviwekea vifungo vipimo visivyobadilika. Tuliviingiza ndani ya fremu zinazojipanua zenyewe, ikaisha. Fremu zile ziko hata mu Godot 3.

Basi tumekubaliana hivi:

1. Mchezo wa kugawa kwa bantu unabaki mu Godot 3. Haijatupwa: toleo 3.6 lilitoka mwezi wa tisa 2024.

2. Tunafanya nakala ya pembeni ya kujaribu Godot 4. Kuko chombo cha kugeuza majina, mfano "yield" inakuwa "await", lakini kazi nyingi inabaki ya mikono. Hakuna mtu atagusa nakala ya kwanza.

3. Kila badiliko linajaribiwa kwanza ku telefone iliyo dhaifu kuliko zote.

Kama unafikiri mambo haya yanaamuliwa mbali na sisi hatuna neno, kumbuka Unity, injini ingine kubwa. Mu 2023 ilitangaza malipo kufuatana na hesabu ya mara mchezo unawekwa mu mashine. Batengenezaji ba dunia yote bakakataa kwa sauti. Mu 2024 malipo yale yakafutwa.

Tunaomba kitu kimoja. Jumamosi, kila mtu alete telefone ya zamani iliyo nyumbani, ya mama, ya kaka, hata yenye kioo kilichopasuka. Tutaandika aina yake, toleo la Android, na kama mchezo unafunguka. Orodha ile njo itatuambia siku ya kuhama.

Raia ni kila mtu, hata mwenye telefone ya Mali-400.

Mapambano yanaendelea, bila fujo.