Kidonda cha Mdomoni Hakingoji Kipimo cha Damu

Ndugu zangu wa milima ya Umatengo, na ndugu zangu wa mwambao wa Ziwa Nyasa,

Kila ninapozungumzia saratani ya kinywa huulizwa swali moja: je, hakuna kipimo cha damu cha kuibaini, kama kilivyo cha malaria? Swali ni la haki.

Jembe likiachwa kwenye ngolo wakati wa masika hushika kutu, kwa kuwa oksijeni na maji hula chuma. Mwilini nako oksijeni hiyohiyo itupayo uhai huzaa chembe kali, zinazoshambulia mafuta yaliyo katika kuta za seli na kujeruhi vinasaba. Moshi wa tumbaku huzidisha chembe hizo kinywani. Ugoro unaokaa chini ya mdomo kwa saa nyingi huzidisha vilevile, na pombe huongeza madhara. Mafuta yaliyoshambuliwa huacha masalio yaitwayo malondialidehaidi, ambayo hupimika katika damu. Watafiti, hasa wa India ambako ugonjwa huu umeenea sana, wameyakuta kwa wingi zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya kinywa kuliko kwa watu wenye afya.

Lakini masalio hayo hupanda pia kwa mvutaji asiye na saratani, kwa mwenye kisukari, kwa mwenye malaria, hata kwa mwenye ugonjwa wa fizi. Damu hutuambia kwamba kutu ipo. Haituambii imeshika jembe lipi. Basi hicho ni chombo cha utafiti, si kipimo cha kuamulia, na atakayewatoza fedha kwa ahadi hiyo amewauzia mbuzi kwenye gunia.

Uamuzi hutokana na kipande kidogo cha nyama kinachokatwa penye kidonda, chini ya ganzi, kikatazamwa kwa hadubini. Najua wako wanaoamini kwamba kisu huamsha ugonjwa. Kinachoukuza ni miezi ya kungoja, kwani mwanzoni kidonda hiki mara nyingi hakiumi, na mtu huona hana haja ya kusumbuka.

Asubuhi tazameni vinywa vyenu kwenye kioo. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe wa shingo, jino linalolegea bila sababu: msinyamazie. Na jino la namna hiyo likishang'olewa, pengo lisipofunga, rudini kwa tabibu. Msiridhike na dawa ya kusukutulia.

Atakayehitaji matibabu makubwa atapewa rufaa kwenda Songea, na pengine hadi Muhimbili kwa upasuaji au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi. Kwa mtu wa Lituhi au Liuli hiyo ni safari ndefu, yenye gharama. Uchunguzi wa kwanza, hata hivyo, hufanyika zahanati, kwa tochi na kijiti cha kukandamizia ulimi.