Picha Bila Mpokeaji



Katika kongamano moja la taaluma za habari, mwenzangu ninayemheshimu sana alifunga mada yake kwa hoja iliyopigiwa makofi ukumbi mzima. Alisema kelele zinazopigwa kuhusu picha za akili mnemba ni kelele za watu wasiojua historia. Picha imedanganya tangu ilipozaliwa. Mashine imeongeza kasi tu. Kisha akatoa ushahidi wake wa mwisho: slaidi ya kijana aliyesimama mbele ya ndege iliyochorwa kwenye pazia, kivukoni Likoni, Mombasa. “Na huyu,” akauliza, “alipanda ndege?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na mhadhara huu ni jibu langu kwake.

Niitendee haki hoja yake kwanza. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyejizamisha majini. Miaka ishirini na kitu baadaye William Mumler, huko Marekani, aliwauzia wafiwa picha zenye vivuli vya marehemu wao. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Kisovieti, alisimama kando ya Stalin kwenye mfereji wa Moscow, na baada ya kuuawa mwaka 1940 akafutwa pichani, maji ya mfereji yakabaki mahali pake. Haya wanafunzi wa mwaka wa pili wanayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Lakini tazameni uongo huo kwa makini. Kila mmoja una mwenyewe. Bayard alikuwa na kinyongo chake: serikali ilimtukuza mvumbuzi mwenzake Daguerre, yeye ikamsahau. Mumler alifikishwa mahakamani New York mwaka 1869, na ingawa aliachiwa, aliitwa kwa jina lake na akajibu kwa jina lake. Hata Yezhov, ili afutwe, ilimpasa kwanza awe amesimama pale. Anayesema kwamba hayo na picha iliyotungwa na programu ni mamoja anapima wingi wa uongo, na hapo anasahau kuuliza nani amempa nani picha hiyo, na kwa nini.

Twendeni sasa Likoni, maana hapo ndipo mwenzangu alipoteleza zaidi. Anayetaka kuielewa Likoni hana budi kumsoma Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, hasa makala yake ya mwaka 2000 katika jarida la African Arts. Nimewapa wanafunzi wangu makala hiyo kila mwaka, na kila mwaka mimi mwenyewe nairudia. Wengine waliwatazama wapiga picha wa feri wakaona vibanda na rangi za bei rahisi. Behrend aliona mahali ambapo watu waliojiona wako pembezoni mwa dunia walijiweka katikati yake. Vibanda vilivyostawi pale miaka ya 1990 vilikuwa na mapazia yenye meli, ndege, majengo marefu na wanyama wa mbugani, na maua ya plastiki pembeni. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Walivaa nguo zao nzuri kuliko zote, wakasimama, wakapigwa, wakasubiri picha ioshwe, kisha wakaituma nyumbani.

Hebu mfikirieni mama huko bara anayefungua bahasha ile. Je, aliamini kwamba mwanawe amepanda ndege? Hata kidogo. Aliiona rangi ikiishia pale pazia linapokutana na ardhi, akaona na mikunjo ya kitambaa. Alichotafuta ni uso: amenona au amekonda, macho yametulia au yana wasiwasi, viatu ni vyake au vya kuazima. Akaigeuza, akasoma nyuma: ukumbusho kutoka kwa fulani, kwa fulani, mwaka fulani. Pazia lilikuwa matarajio yaliyosemwa waziwazi, na mwili uliosimama mbele yake ulikuwa ushahidi. Sanaa hiyo yote ilikuwa na anwani.

Na biashara hiyo ilidhoofishwa na nini? Vurugu za Likoni za Agosti 1997 ziliwafanya watu wengi wa bara wakimbie, na vibanda vikapata pigo. Kamera zilikuwepo na mapazia yalikuwepo. Walioondoka ni watu.

Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyotokea kwenye mitandao ya picha, na hapa nawageukia pia wale wanaodai kinyume, kwamba akili mnemba ndiyo iliyoiua picha. Tarehe zinawakataa. Instagram ilizinduliwa Oktoba 2010, na mwaka 2012 Facebook ikainunua kwa dola bilioni 1. Hayo ni ya kupita tu. Mwaka wa kushika ni 2016, pale Instagram ilipoacha kupanga picha kwa mfuatano wa wakati na kuanza kuzipanga kwa hesabu za mashine. Agosti 2020 zikaja video fupi za Reels. Mwishoni mwa Juni 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, akatamka hadharani kwamba hiyo si tena programu ya kushirikiana picha. Wakati huo programu za kutunga picha za DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilikuwa hazijafika kwa watu. Zote ni za mwaka 2022.

Aprili 2025, katika kesi ya ukiritimba iliyosikilizwa Washington, kampuni ya Meta yenyewe, inayomiliki Instagram na Facebook, ilileta takwimu kwamba asilimia 7 tu ya muda ambao watu hutumia Instagram huenda kwenye machapisho ya rafiki zao. Ilizileta kama utetezi, kuonyesha kwamba biashara yake si tena ya kuunganisha marafiki, na Novemba mwaka huo Jaji James Boasberg akaipa ushindi. Sijui maneno makali zaidi ya hayo kuhusu kilichoipata picha. Binti anayeposti picha ya mtoto wake siku ya arobaini haiposti tena kwa shangazi zake. Anaitupa sokoni ishindane na wacheza dansi wa dunia nzima. Akiona haina wa kuipokea, ananyamaza. Akili mnemba ilipokuja ilikuta nyumba imehamwa, ikaingia.

Iliingia na nini? Mwaka 2024 Facebook ilijaa picha za watoto wa Kiafrika waliosimama kando ya magari, ndege na tembo waliodaiwa kuviunda kwa chupa za plastiki. Vidole vilikuwa sita, maandishi kwenye chupa hayasomeki kwa lugha yoyote, na chini yake maelfu ya watu wameandika “Amina” na “Hongera mwanangu”. Waliozitunga walifuata malipo ambayo mtandao huwapa wenye kuvuta watazamaji. Mtoto yule hana mama, hana kijiji, hakuna atakayemnunulia daftari. Huruma ya watu wema imechukuliwa na haikumfikia yeyote. Na mashine ilijifunza wapi nyuso? Meta ilikiri kwamba programu yake ya kutunga picha ilifunzwa kwa picha za hadhara za Facebook na Instagram, zaidi ya bilioni 1. Yaani zile mlizowapa ndugu zenu.

Shangazi yangu, mkazi wa Ukunda, ana picha aliyopigwa Likoni mwaka 1994, mbele ya ndege ya rangi ya samawati. Mjukuu wake, kwa mapenzi tu, aliipitisha kwenye programu ya kusafisha picha kuukuu. Niliziweka mbili hizo kando kwa kando. Mikunjo ya pazia imetoweka. Pale rangi ilipokutana na mchanga, programu imejaza lami ya uwanja wa ndege. Kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto halipo. Shangazi aliitazama simu kwa muda, akairudisha. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi ndege sijapanda.”

Namrudishia mwenzangu swali lake na jibu hilo. Picha ya mwaka 1994 haikuwahi kudai kwamba alipanda. Hii mpya inadai, na imemfuta mwenyewe ili idai vizuri.

Wapo watakaosema dawa ni alama inayotaja asili ya picha. Nimeipima njia hiyo. Kuna kamera, kama Leica M11-P ya mwaka 2023, zinazoitia picha saini ya kidijitali inapopigwa, na naziunga mkono. Lakini Meta ilipoanza kubandika alama za akili mnemba mwaka 2024 ilizibandika hata picha halisi za wapiga picha waliolalamika, ikalazimika kubadilisha maneno ya alama hiyo. Isitoshe, alama hueleza picha imetoka wapi. Haisemi inakwenda kwa nani.

Wengine wataniambia watu hawajaacha kupeana picha, wamehamia kwenye makundi ya familia na status za WhatsApp. Ni kweli, na linanipa nguvu: mtu akipata mpokeaji, picha hurudi. Ila status hudumu saa 24, na simu ikiibwa matatuni harusi nzima imekwenda nayo. Mama wa bara aliiweka picha ya Likoni ndani ya sanduku, nasi leo tunaweza kuisoma. Mtafiti wa mwaka 2060 atasoma nini kuhusu sisi?

Kwa hiyo naiomba idara yetu, kabla ya kununua programu nyingine yoyote, ianze kukusanya negativu za studio za pwani. Capital Art Studio ilifunguliwa Unguja mwaka 1930. Studio ya Bakor Lamu ni ya miaka ya 1960. Na kuna nyingine ndogo, kutoka Lamu hadi Mtwara, ambazo masanduku yao yanaliwa na unyevu. Zinakiliwe zilivyo, na mikwaruzo yake, bila mashine yoyote kuzirembesha. Nanyi mlio na albamu nyumbani, kaeni na wazee wenu mwezi huu, mwandike nyuma ya kila picha jina la aliyepigwa, la aliyepelekewa, na mwaka. Anzeni na zile ambazo amebaki mtu mmoja tu anayezijua.