Mtaro Kabla ya Duara

Mirerani, wilayani Simanjiro, ni nchi kame, na ndiyo maana wengi huona kinga ya mafuriko kwenye machimbo ya tanzanaiti kuwa anasa. Hata hivyo, Aprili 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa zilijaza mashimo maji na kuua makumi ya wachimbaji. Hoja yangu ni kwamba kinga ya mgodi haianzi kwenye pampu. Inaanzia juu mlimani, mtaro ukitangulia duara, yaani shimo la mchimbaji, kwa mpango mmoja wa eneo zima.

Ukame wenyewe unaongeza hatari, kwa kuwa udongo mkavu, uliokanyagwa na kuvuliwa majani, hunywa maji polepole. Mvua ya milimita 50 kwenye kilomita moja ya mraba ni meta za ujazo 50,000. Nusu tu ikitiririka, ni 25,000. Pampu ya kutoa meta za ujazo 100 kwa saa ingeyamaliza kwa zaidi ya siku kumi, ilhali mwanaapolo, yaani mchimbaji, aliye chini ana dakika chache za kupanda. Tazameni pia mdomo wa duara: kifusi kikimwagwa kwenye korongo, maji hujikusanya nyuma yake mpaka kibomoke, na kinachoporomoka shimoni ni tope na mawe. Huko chini kuna mitobozano, pale njia za wachimbaji wa mashimo tofauti zinapokutana. Aliyeinua mdomo wa shimo lake kwa zege bado anaweza kufikiwa na maji yaliyoingilia kwa jirani, na hapo juhudi zake zote zimepotea.

Wapo wanaosema gharika kama hiyo huja mara moja kwa miaka 20, na mchimbaji mdogo hana fedha za kuisubiri. Lakini mvua yenye uwezekano wa asilimia 5 kila mwaka ina uwezekano wa asilimia 64 hivi wa kutokea walau mara moja ndani ya miaka hiyo 20. Kuhusu fedha wanasema kweli, na ndiyo sababu siwezi kumwachia kila mtu shimo lake. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo, uliozinduliwa mwaka 2018 ili madini yasitoroshwe ulionyesha kwamba machimbo yale yanaweza kujengewa kama kitu kimoja. Naomba maji nayo yapewe uzito huo: miinuko ipimwe, mitaro ikinge maduara kwa juu, kifusi kitengewe mahali mbali na makorongo. Pawepo pia kipimamvua, na mtu mwenye mamlaka ya kuwatoa watu shimoni mvua ikifika kiwango kilichowekwa. Mamlaka hayo yasiwe ya mwenye duara, ambaye kila saa ya kusimama inamgharimu, bali ya mtu asiye na mgawo katika jiwe litakalopatikana.